Mizani Haimpimi Mchumaji

Somo: Mathayo 25:14–30

Nakusalimu wewe uliyeketi jikoni karibu na moto, wewe uliye ndani ya matatu ukitoka Murang'a kuja Kangema, na wewe uliye kitandani kwa ugonjwa usiyeweza kufika kanisani. Leo nataka kusema hasa na vijana. Lakini wazazi, nawaomba msizime redio, maana neno hili litawafikia ninyi pia kabla sijamaliza.

Nataka tufikiri pamoja juu ya hofu ya namna moja. Si hofu ya mwizi wala ya ugonjwa. Ni hofu ya kijana anayetaka kushindana na mtu asiyemjua, katika mchezo wa akili, kwa njia ya mtandao. Najua wazee wengine watauliza, "Mchungaji, je, hilo nalo ni jambo la kuhubiriwa?" Subirini kidogo, wazee wangu.

Michezo ya akili si jambo geni kwetu. Babu zetu walicheza giuthi. Walichimba vishimo ardhini, wakagawa mbegu, na kila mmoja akapiga hesabu kimya kimya kabla hajatia mkono. Ndugu zetu wa pwani wana bao lao. Tena iko sataranji, ambayo vijana huiita chesi, yenye mfalme na malkia na askari wake. Na siku hizi iko michezo ya vita ndani ya kompyuta, kama ule uitwao StarCraft uliotolewa mwaka 1998, ambao mchezaji hujenga kambi, huchimba madini, hupanga majeshi, na yote hayo huyafanya kwa haraka sana huku adui naye akifanya vivyo hivyo mahali asipomwona.

Michezo hii inafanana kwa jambo moja. Ndani yake hamna refa wa kulaumiwa, na mtu hana pa kusingizia bahati mbaya. Katika mpira wa miguu ukishindwa utasema uwanja ulikuwa na matope, au kipa wenu aliteleza. Lakini ukishindwa katika sataranji, umeshindwa kwa akili yako mwenyewe. Ndiyo maana kushindwa kwake huuma.

Kijana mmoja alinieleza habari zake. Anacheza sataranji vizuri. Akicheza na rafiki zake anacheka. Akicheza na kompyuta hana wasiwasi. Lakini siku akitaka kucheza mtandaoni kwa alama, na mtu wa Mombasa, au wa India, au wa Brazili, moyo unamwenda mbio na vidole vinakuwa baridi. Anafungua simu, anakitazama kitufe cha kuanzia mchezo, kisha anaifunga simu. Alikuwa amefanya hivyo kwa wiki tatu, na huku chuoni kwao walikuwa wakitafuta wachezaji wa kuwawakilisha katika mashindano ya mtandaoni. Nikamwuliza, "Unaogopa nini hasa?" Akanijibu, "Nikishindwa alama zangu zitashuka, na watu wataziona."

Liangalieni jibu hilo. Hakusema anaogopa kupoteza mchezo. Alisema watu wataona. Wachezaji wa nchi nyingine wanaijua sana hofu hii. Wale wa StarCraft waliiita hofu ya ngazi, kwa kuwa wachezaji hupangwa juu na chini kama vipago vya ngazi, na kila mchezo waweza kumpandisha mtu au kumshusha.

Sasa tufungue Injili ya Mathayo sura ya 25. Bwana Yesu alisimulia juu ya mtu aliyesafiri akawaachia watumishi wake mali: mmoja talanta tano, mmoja mbili, mmoja moja. Talanta haikuwa sarafu ndogo. Ilikuwa mzigo wa fedha unaokaribia mshahara wa kibarua wa miaka ishirini. Kwa hiyo hata yule aliyepewa moja alipewa mali nyingi. Watumishi wawili wakafanya biashara. Wa tatu akachimba shimo akaifukia. Na bwana wake aliporudi na kumwuliza, alitaja sababu yake waziwazi: aliogopa.

Mfano huu haukutolewa kwa ajili ya michezo, nami sitaki kuulazimisha. Lakini una mambo mawili yanayotufaa leo. La kwanza, yule mtumishi hakuiba wala hakutapanya. Alitaka tu asipatikane na hasara. Aliihifadhi hesabu yake isishuke, na kwa kuihifadhi hivyo akapoteza yote. La pili, tazama sifa walizopewa wale wawili wengine. Aliyeleta kumi na aliyeleta nne walisifiwa kwa maneno yale yale, neno kwa neno, katika aya ya 21 na aya ya 23. Bwana wao hakuwapanga kwenye ngazi. Aliangalia uaminifu wao.

Basi tuziangalie hizo alama zinazoogopwa. Zinatoka wapi? Palikuwa na mwalimu wa fizikia jina lake Arpad Elo. Alizaliwa Hungaria mwaka 1903, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akafundisha katika mji wa Milwaukee. Naye alipenda sataranji. Alitunga hesabu ya kukadiria nguvu za wachezaji. Chama cha sataranji cha Marekani kiliipokea mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaipokea mwaka 1970. Mitandao mingi ya michezo leo hutumia hesabu hiyo au nyingine zilizotokana nayo.

Inafanya kazi hivi. Kila mchezaji ana namba. Ukimshinda aliyekuzidi namba, unaongezewa nyingi. Ukimshinda aliye chini yako sana, unaongezewa kidogo tu. Ukishindwa, unapunguziwa. Na hesabu yenyewe inatazamia ushindwe mara kwa mara. Ukimzidi mwenzako kwa alama 200, unatazamiwa kupata kama robo tatu tu ya pointi zinazoshindaniwa. Na mkiwa sawa, unatazamiwa kupata nusu. Nao mtandao hukutafutia mtu aliye sawa nawe! Maana yake nini, kijana wangu? Maana yake ni kwamba mchezaji aliyepangwa vizuri atashindwa karibu nusu ya michezo yake, leo na kesho na mwakani. Akipanda, atakutana na walio na nguvu zaidi, na atashindwa tena karibu nusu. Kushindwa kumo ndani ya mchezo wenyewe, kama vile moshi ulivyo ndani ya kuni mbichi. Anayengoja siku atakapocheza bila kushindwa angoje mpaka mto Mathioya upande mlima.

Na huyo Elo mwenyewe hakuiheshimu namba yake kupita kiasi. Alifananisha kazi hiyo na kupima mahali kilipo kizibo kinachoruka juu ya maji, kwa kijiti kilichofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Mtu aliyeitunga mizani alijua kwamba inayumba. Sisi tunaitetemekea kwa nini?

Wasikilizaji wa upande wa juu wa Kangema, mnaochuma chai, mtanielewa mara moja. Mama anatoka asubuhi na baridi, anachuma majani mawili na chipukizi, anabeba kapu mpaka kituo cha chai. Pale kapu linatundikwa kwenye mizani. Siku ya mvua nzuri linasoma kilo nyingi. Siku za kiangazi au za baridi kali ya Julai linasoma chache. Je, mama yule siku ya kilo chache amepungua? Je, watoto wake wanampenda kwa kilo? Hasha. Mizani inapima majani yaliyomo kapuni siku ile. Haimpimi mchumaji. Hakuna mama anayekaa nyumbani kwa kuionea haya mizani, kwa maana asipochuma, kichaka cha chai kinarefuka na kuharibika.

Vivyo hivyo alama yako ya mchezo. Inasema juu ya michezo uliyocheza siku hizi. Haisemi wewe ni nani. Wewe ulikwisha kupimwa na yeye aliyekuumba, naye alikukubali kabla hujajua kusogeza kete hata moja.

Nataka sasa niwakumbushe habari ya binti mmoja wa nchi jirani. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala. Baba yake alikufa angali mdogo, akaacha shule, akauza mahindi ili nyumbani wapate chakula. Yapata mwaka 2005, akiwa na miaka kama tisa, alimfuata ndugu yake mpaka mahali ambapo Robert Katende, mtumishi wa huduma moja ya Kikristo, alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Njaa ndiyo iliyompeleka, lakini mchezo ukamshika. Na aliyemwonyesha kwanza jinsi kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Fikirini hilo. Alianza kwa kufundishwa na mdogo wake, na kushindwa mbele ya wadogo zake.

Mwaka 2010 Phiona alipelekwa Khanty-Mansiysk, huko Urusi, kuichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji. Huko alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Angaliweza kurudi Katwe na kuufukia ubao wake. Hakufanya hivyo. Mwaka 2012 alikwenda tena, safari hii Istanbul, Uturuki, na huko akapata daraja la Mwanamke Mgombea Umahiri, ambalo hutolewa na FIDE. Mwaka huo huo kitabu juu yake kikatolewa, na mwaka 2016 ikatoka filamu ambayo Mkenya mwenzetu, Lupita Nyong'o, aliigiza kama mama yake. Baadaye Phiona akasoma chuo kikuu Marekani. Huyu hakufika huko kwa kuilinda namba yake isishuke. Alifika kwa kukubali kushindwa mbele ya watu na kurudi tena ubaoni.

Mwingine atasema, "Mchungaji, mtandao wetu ni mbaya. Nikiwa katikati ya mchezo, bando likiisha au mtandao ukikatika, nitahesabiwa nimeshindwa." Ni kweli, na inaudhi. Lakini hata wakuu hawajaepuka hayo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Olimpiadi ya Sataranji iliahirishwa, na FIDE ikafanya mashindano kwa mtandao badala yake. Katika fainali, tarehe 30 Agosti, India na Urusi walikuwa wakicheza, na wachezaji wawili wa India wakakatikiwa na mtandao. Ikaamuliwa nchi zote mbili zipewe dhahabu. Ikiwa mabingwa wa dunia walikatikiwa siku ya fainali, wewe wa Kangema usijione umelaaniwa simu ikikwama.

Sasa tuje kwenye matendo, kwa maana hofu haiondoki kwa mahubiri peke yake. Nina mashauri matano.

Kwanza, ujue kwamba moyo kwenda mbio si dalili ya udhaifu. Ndivyo mwili unavyojiandaa kwa kazi. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa jipya huusikia, na bibi arusi huusikia. Keti wima, weka miguu chini, vuta pumzi polepole mara kadhaa, kisha anza. Usingoje hofu iishe ndipo uanze. Anza, nayo itapungua njiani.

Pili, weka idadi kabla hujafungua simu. Sema, "Leo nitacheza michezo mitatu," na ikiisha mitatu, funga, uwe umeshinda au umeshindwa. Na ukishindwa miwili mfululizo huku hasira inapanda, simama papo hapo ukachote maji au kukata nyasi ya ng'ombe. Mtu anayecheza ili kulipiza kisasi hupoteza zaidi.

Tatu, badilisha lengo. Usiseme, "Leo nataka alama 50." Sema, "Leo nataka kutomwacha malkia wangu bila ulinzi," au, "Leo nitatazama ubao wote kabla ya kugusa kete." Lengo kama hilo liko mikononi mwako hata ukishindwa. Alama haziko mikononi mwako, maana yuko mtu mwingine upande wa pili, naye pia anataka kushinda.

Nne, kama namba inakusumbua macho, iondoe machoni. Lichess, mtandao wa sataranji usiotoza pesa ulioanzishwa mwaka 2010, una mahali pa kuchagua ili alama zisionekane unapocheza. Zifiche mwezi mmoja. Ujifunze mchezo, usijifunze namba.

Tano, usishindwe peke yako. Hofu hukua gizani. Mchezo uliopotea uonyeshe rafiki, muutazame tena hatua kwa hatua, mtafute mahali mambo yalipoharibika. Wazee wa giuthi hawakucheza wamejificha. Watu waliwazunguka, wakawacheka, wakawashauri, na aliyeshindwa leo aliketi tena kesho. Na yule mpinzani wako usiyemjua, umshukuru mchezo ukiisha. Labda naye alikuwa na vidole baridi.

Hapa lazima niweke mpaka. Ninasema juu ya mchezo, sisemi juu ya kamari. Ule ubashiri wa pesa katika simu, ambao umemaliza karo za watoto na mishahara ya kina baba katika vijiji vyetu, huo si mchezo wa akili, na hofu unayoisikia kabla ya kutia pesa ni onyo la kusikilizwa. Vile vile mchezo mwema nao una kiasi chake. Kama unakula usingizi wako, masomo yako na kazi ya shamba la mama yako, shida yako si hofu tena. Ni utumwa.

Nanyi wazazi, niliahidi nitawafikia. Mtoto akileta nyumbani alama za mtihani, au matokeo ya mashindano yoyote, neno lenu la kwanza ni lipi? Kama siku zote ni, "Umekuwa wa ngapi?" basi msishangae akiogopa kila mizani maishani mwake. Yule mtumishi wa tatu alifukia talanta yake kwa sababu alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu. Hofu yake ilitoka katika picha aliyokuwa nayo ya yule atakayemhesabu. Je, watoto wetu wana picha gani yetu? Na kupitia kwetu, wana picha gani ya Mungu? Siku nyingine mwulizeni kwanza, "Umejifunza nini?" Ndipo mwulize namba.

Kijana wangu, naona sasa wazee wameelewa kwa nini jambo hili ni la redioni. Leo ni kitufe kwenye simu. Kesho ni barua ya kuomba kazi ambayo hukuipeleka, mtihani ambao hukujiandikisha, wimbo ambao hukuuimba katika kwaya, na ukweli ambao hukuusema mkutanoni. Mkono unaozoea kufukia hauchagui cha kufukia. Basi mchezo na uwe mahali pa kujizoeza ujasiri, maana pale ukishindwa hakuna anayelala njaa. Afadhali ujifunze kushindwa hapo, kwa gharama ya alama chache.

Jioni ya leo, ukimaliza kazi, kifungue hicho ulichokifunga. Cheza mchezo mmoja. Ukishinda, mshukuru Mungu. Ukishindwa, mshukuru pia, ule ugali wako ulale. Asubuhi utaamka wewe yule yule, mwana wa Mungu yule yule.

Na tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, wewe watujua kuliko tunavyojijua. Twawaombea vijana wetu wanaoogopa kupimwa. Uwaondolee haya isiyo na faida, uwape moyo wa kujaribu na unyenyekevu wa kushindwa. Uwalinde na kamari na kila kitu kinachowafanya watumwa. Utusaidie sisi wazazi na walimu tuwe wapole katika kuwahesabu, kama wewe ulivyo mpole kwetu. Nacho ulichokitia mikononi mwetu, kikubwa au kidogo, kisipatikane kimefukiwa siku utakapotuita. Twaomba hayo kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.